Kelele na Usahihi: Historia ya Hifadhi ya Data kwa Holografia

Historia ya hifadhi ya data kwa holografia husimuliwa mara nyingi kama historia ya ukubwa wa hifadhi. Makala haya yanadai kwamba kilichoamua hatima yake ni usahihi wa usomaji.

Dennis Gabor alibuni holografia nchini Uingereza mwaka 1947, lakini mbinu hiyo ilipata chanzo cha mwanga kilichoifaa baada ya leza kuundwa mwaka 1960. Mwaka 1963, Pieter van Heerden wa kampuni ya Polaroid, Marekani, alipendekeza kuhifadhi taarifa ndani ya fuwele nzima badala ya juu ya uso wake. Kurasa nyingi za data zingerekodiwa mahali pamoja, kila moja ikisomwa kwa mwale wa pembe yake.

Pendekezo hilo lilibeba kikwazo chake. Kurasa zote hugawana uwezo mmoja wa fuwele. Idadi yake ikiongezeka maradufu, mwanga unaorudishwa na kila ukurasa hushuka hadi robo. Mwanga unaotawanywa na dosari za fuwele, pamoja na kelele za kamera, haupungui vivyo hivyo. Ishara hufifia, kelele hubaki, na moja husomwa kuwa sifuri.

Ilichukua takriban miaka 30 kabla watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Heanue, Bashaw na Hesselink, hawajaonyesha mwaka 1994 mfumo wa holografia wa data za kidijitali, wakitumia misimbo ya kusahihisha makosa. Misimbo hiyo ina gharama: kila biti ya ulinzi huchukua nafasi ya data. Usahihi ulinunuliwa kwa ukubwa uleule uliokuwa ukisifiwa.

InPhase Technologies, iliyozaliwa kutoka Bell Laboratories mwaka 2000, ilitangaza diski ya gigabaiti 300. Polima yake ilikabiliwa na tatizo jingine: polima hunywea inaporekodiwa na hutanuka kwa joto, hivyo pembe ya usomaji huhama. Kampuni ilisimamisha shughuli mwaka 2010 bila diski hiyo kuenea sokoni.

Kwa washauri wa sera za nyaraka, funzo liko wazi. Usahihishaji huficha uchakavu hadi siku unaposhindwa kabisa. Kwa hiyo, teknolojia yoyote ya hifadhi ipimwe kwa kiwango cha makosa kabla ya kusahihishwa, chombo kikiwa kimejaa, na kipimo hicho kirudiwe kadiri miaka inavyopita.