Askofu Steere na Ngano za Unguja

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika habari ya Edward Steere mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyeponywa kwanza, na dawa yake ilikuwa hadithi.

Steere, padri wa Kiingereza, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa utumwani, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza. Steere alikuwa na Injili ya kuhubiri, lakini hakuwa na ulimi wa kuihubiria. Basi akakaa na wenyeji, watu wa mji wa Kiislamu, akawasikiliza wakisimulia ngano zao, akazikusanya. Mwaka 1870 zilitoka London katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Mojawapo ni hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja, aliyekuwa akipekua jaani apate punje za mtama, aliokota thumuni, akanunua paa. Paa huyo akamtoa katika ufukara: akampatia jina la usultani, akamposea binti wa mfalme, akaua nyoka mwenye vichwa saba, bwana wake apate jumba. Hata paa alipougua, bwana hakutaka kumtazama. Aliagiza apikiwe uji wa mtama tu. Mkewe alimsihi, asisikie. Paa akafa kwa uchungu, na bwana alipoamka alijikuta yupo jaani, akipekua kama zamani.

Aliyeisikia hadithi hii hahitaji maelezo mengi juu ya mfano wa Yesu katika sura ya 18 ya Mathayo, wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, kisha akamkaba mwenziwe kwa dinari mia. Hadithi hizi mbili hazikuzaliwa nyumba moja. Walakini zote mbili zamwuliza msikilizaji swali lile lile: wewe uliyetendewa wema, umemtendea nani? Nalo lilikuwa swali zito katika mji ule, ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu. Mahali pa soko hilo ndipo Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, alipojenga kanisa.

Kabla hajafariki mwaka 1882 Steere alifasiri sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili. Kamusi ingaliweza kumpa maneno. Lakini mwendo wa masimulizi, mahali pa kutua na mahali pa kuharakisha, haukupatikana ila kwa wasimulizi. Kwa hiyo Wakristo waliopokea Injili kwa lugha hiyo wana deni kwa watu ambao hawakuwa Wakristo, wala hawakudai malipo.

Wala jambo hili si geni kwa imani yenyewe, kwa maana Yesu alifundisha makutano kwa mifano ya mpanzi, mchungaji na mwana mpotevu, mambo waliyoyajua majumbani mwao. Atakaye kusimulia, na aanze kwa kusikiliza.