Busisi na Sifa Mbaya za Kanda ya Ziwa

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, ambayo mitaani kwetu ilipewa jina la "filamu ya mapanki". Ndani yake minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, yanaanikwa kwa ajili ya walaji maskini, na watoto wa mitaani wa Mwanza wananusa gundi. Ikadokeza pia kwamba ndege hizo zilileta silaha Afrika. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na wakazi wa Mwanza wakaandamana kuipinga.

Umaskini ule ulikuwepo, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini mtazamaji wa Paris aliondoka akiamini ameiona Mwanza nzima.

Sifa mbaya nyingine tumeitangaza wenyewe. Msukuma ameitwa mshamba katika utani uliovuka mipaka ya utani, na kanda yote ikaitwa nchi ya wachawi. Mauaji ya vikongwe kwa kisingizio cha macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, yalitokea kweli. Mauaji ya watu wenye ualbino nayo yalitokea, na damu hiyo haisahauliki. Ila wauaji ni wahalifu. Kuwabebesha jina lao mamilioni ya wakulima, wavuvi na wafugaji ni dhuluma ya pili.

Maana historia ya watu hawa ni nyingine kabisa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakajiunga, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo lilikua na kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Hao ndio "washamba" walioendesha vinu vya kuchambua pamba.

Mwaka 1958 wananchi wa Geita, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na eneo la Sengerema ndani yake, waligomea baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoletwa na serikali ya kikoloni, na mamia wakaenda Mwanza mjini kudai kusikilizwa. Uhuru ulikuwa bado miaka mitatu. Kwa maoni yangu, tukio hili lilistahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule kuliko lilivyopewa.

Kati ya Mwanza na Sengerema hiyo kuna ghuba ya Ziwa Victoria, na Busisi ndiyo mlango wa upande wa magharibi. Kwa miongo mingi aliyetoka Kigongo, ng'ambo ya mashariki, alisubiri kivuko, wakati mwingine saa mbili au zaidi, na mgonjwa wa rufaa alisubiri pia. Safari ya maji yenyewe ilichukua kama nusu saa. Adha hiyo ilikuwa kubwa, lakini pia iliwalazimu wageni kusimama, kununua samaki na kuongea na wenyeji.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Nalipokea kwa furaha, kwa sababu ya wagonjwa hao na kwa sababu ya biashara inayoelekea Geita, Kagera na Rwanda.

Hofu yangu ni kwamba tutapita Busisi bila kushuka, tukibaki na picha za filamu na utani wa kijiweni. Basi, msomaji, ukivuka, simama. Kula sato na ugali wa muhogo, nunua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, waulize wazee habari za pamba. Kama safari yako imeangukia msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, fika Bujora, karibu na Mwanza, ukaone makundi ya Wagika na Wagalu yakishindana ngoma. Kisha wasimulie wa kwenu uliyoyaona.