Kidonge cha Kila Siku

Historia ya tiba husimuliwa sana kama historia ya maabara. Nimeifuatilia ile ya lukemia sugu ya mieloidi, aina adimu ya saratani ya damu, na nadhani masimulizi hayo huacha nusu ya mambo.

Mwaka 1845, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja kivyake, walieleza habari za marehemu aliyekutwa na wengu uliovimba kupita kiasi na damu iliyojaa chembe nyeupe. Virchow ndiye aliyeuita ugonjwa huo lukemia, yaani damu nyeupe. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata madaktari walijaribu aseniki, mionzi, kisha busulfani. Wengu ulinywea, mgonjwa akapata nafuu, lakini baada ya miaka michache ugonjwa uligeuka mkali na kumuua. Waliopona kabisa walikuwa wachache waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona katika chembe za wagonjwa kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaeleza sababu: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Hapo huzaliwa jeni mpya, nayo hutengeneza protini inayoziamuru chembe za damu zizaliane bila kukoma.

Juni 1998 Brian Druker, huko Portland, Oregon, alianza kuwapa wagonjwa kidonge kilichobuniwa kuizuia protini hiyo. Kati ya 54 waliotumia miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi kawaida. Lakini kampuni ilikuwa ikitengeneza dawa kidogo tu. Mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Montreal alikusanya maelfu ya sahihi kupitia intaneti, akazipeleka kwa mkuu wa kampuni hiyo, na uzalishaji ukaongezwa. Mei 2001 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Gleevec. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia walioanza nayo, takriban 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Hesabu hiyo ni ya watu walioipata dawa siku baada ya siku. Ilipoingia sokoni iligharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Kuanzia 2002 mpango wa msaada wa kimataifa uliigawa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi zisizo na uwezo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Hata hivyo kidonge cha bure hakilipi nauli. Shangazi yangu husafiri usiku kucha kwa basi kufuata dawa na kupimwa damu, na mwezi ambao mavuno ni mabaya, safari hiyo huanza kwa kukopa. Anajisikia mzima, na hapo ndipo hatari ilipo: anayejisikia mzima huona hakuna ubaya kuruka wiki moja, ilhali ugonjwa hutumia mwanya huohuo kurudi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu. Ni hatua kubwa, ila orodha haimfikishi mtu kliniki. Kwa hiyo nikiona ile 83 kati ya 100, swali langu la kwanza ni hili: dawa iliwafikiaje, na nani alilipa nauli?