Jinja Walipeleka Dawa kwa Pikipiki, Fizi Bado Twatembea

Mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya timu zao kushambuliwa na watu wenye silaha, Madaktari Wasio na Mipaka walifunga sehemu kubwa ya kazi yao wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo. Mjini Baraka, wilayani humo, walikuwapo tangu 2003. Mwenye malaria humeza dawa siku tatu, yakaisha. Lakini mwenye virusi vya ukimwi, sukari au tansio (shinikizo la damu) dawa yake haina siku ya mwisho, na kituo kikifungwa, yeye ndiye huumia zaidi.

Namna ya kumtunza mgonjwa huyo akiwa mbali na hospitali ilishapimwa jirani, Uganda, miaka michache baada ya ugomvi mmoja. Juni 2001, Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alidai kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa za ukimwi kwa wakati. Wanaharakati wakachachamaa, wakataka aondolewe. Watu wanaohesabu saa tangu macheo, na wanaofuturu Ramadhani nzima kwa dakika, eti hawajui wakati!

Jibu zuri zaidi lilitoka Jinja, mji wa Uganda. Kuanzia 2005, watafiti na TASO, shirika la kusaidia wenye virusi vya ukimwi lililoasisiwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, waligawa eneo hilo mafungu 44, wakayapanga pande mbili kwa kura. Wagonjwa wa upande mmoja walifuata dawa kliniki. Wa upande wa pili waliletewa dawa nyumbani kila mwezi na wahudumu wa pikipiki, si madaktari wala wauguzi, wenye orodha ya dalili za kuuliza na simu ya kumpata daktari. Shabbar Jaffar na wenzake walitangaza matokeo katika jarida la The Lancet, 2009: wagonjwa walikuwa 1,453, na kati ya waliopimwa, dawa ilishindwa kuzuia virusi kwa asilimia 16 ya waliofuatwa nyumbani, na 17 ya waliokwenda kliniki. Vifo vilikaribiana. Wa nyumbani walitumia pesa pungufu.

Kinshasa ikafuata 2010, kwa vituo vya mtaani ambako wagonjwa wenyewe waligawa dawa. Baadaye Tanzania na Uganda zilijaribu kutibu ukimwi, sukari na tansio katika kliniki moja.

Jinja haikuwa na vita, ni kweli. Lakini huku Fizi, Minembwe na Lulimba hawakosi watu wa kufunzwa, wala Baraka haikosi pikipiki. Kinachokosekana ni mshahara wa wahudumu hao katika bajeti ya wizara ya afya.