Kabla Ulipie Seva ya Video, Soma Historia

Wasee, kidogo tu nitoe pesa ya kodi ya nyumba nilipie seva maalum ya kurusha video. Historia ndiyo iliniokoa.

RealAudio ilipotoka 1995, intaneti ya nyumbani ilipitia laini ya simu, polepole ajabu. Seva ya kawaida ya wavuti ilijua kazi moja: kukupa faili. Seva maalum ilikaa na msikilizaji, ikimtumia sauti kidogo kidogo, akitaka kuruka mbele anaruka. Shida? Programu yake iliuzwa, na kinga za mtandao za ofisi nyingi ziliizuia.

2005 YouTube ikaja na kurusha video kwa njia ileile ya wavuti. 2009 Apple ikatoa HLS: video inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande ni faili tu, kwa ubora tofauti. Simu yako ndiyo inachagua kipande kulingana na mtandao. Akili ilihama kutoka kwa seva ikaingia mfukoni mwako, bana!

Kwa hivyo kama video zako umesharekodi, seva ya kawaida inatosha. Ile maalum iachie mazungumzo ya laivu, pale kuchelewa sekunde chache kunaharibu stori yote.

Mimi kodi nililipa. Wewe unalipia nini?