Kutoka Ngagara hadi Dar es Salaam kwa treni ya kulala: familia ipange vipi safari yake?

Burundi haina reli inayosafirisha abiria. Hata hivyo, kwa familia ya Ngagara inayotaka kufika Dar es Salaam kwa pamoja, wazee na watoto wadogo wakiwemo, kitanda cha treni hakiko mbali sana. Kiko Kigoma, ng'ambo ya mpaka wa kusini, mahali inapoanzia Reli ya Kati ya Tanzania.

Treni hiyo haiondoki kila siku. Familia inayoikosa huweza kukaa Kigoma siku kadhaa ikingoja nyingine, huku fedha za safari zikiishia katika nyumba ya wageni. Kwa sababu hiyo, safari hii haipangwi kuanzia siku ya kutoka nyumbani. Hupangwa kuanzia siku ya treni, kisha siku zikahesabiwa kurudi nyuma.

Njia ya zamani ya Ziwa Tanganyika

Reli ya Kati ilijengwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji, iliyotawala Ruanda-Urundi, ilipewa haki ya kupitisha bidhaa zake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Kwa miongo mingi kahawa ya Burundi ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa katika mabehewa Kigoma na kuteremshwa pwani.

Watu nao walipita njia hiyo hiyo. Familia nyingi za Bujumbura zina ndugu Kigoma, Ujiji au Dar es Salaam, na lugha ya Kiha inayosemwa mkoani Kigoma inakaribiana mno na Kirundi. Msafiri kutoka Ngagara hafiki ugenini kabisa anapofika stesheni ya Kigoma.

Kuhesabu siku kurudi nyuma

Jambo la kwanza ni kupata ratiba ya sasa kutoka Shirika la Reli Tanzania, TRC. Siku za kuondoka hubadilika, na kuna treni ya kawaida na ile iitwayo Deluxe, iliyoanza mwaka 2015. Ndugu aliye Kigoma anaweza kwenda dirishani, akaulizia siku na kukata tiketi mapema. Hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote kwa wenye kuhitaji vitanda kadhaa katika chumba kimoja, hasa wakati wa likizo za shule na sikukuu.

Siku ya treni ikishajulikana, ni vyema familia iwe imefika Kigoma jana yake. Kutoka Bujumbura, barabara hufuata ziwa kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, kisha hupanda Mabanda hadi mpaka wa Mugina. Upande wa Tanzania mpaka huitwa Manyovu, na kutoka hapo hadi mjini Kigoma ni kilomita 60 hivi.

Kwenye ramani njia hiyo yaonekana fupi. Lakini uhaba wa mafuta, ambao umejirudia nchini Burundi katika miaka ya karibuni, huweza kuchelewesha gari kabla halijatoka mjini. Mvua nazo, pamoja na kupanda kwa maji ya ziwa, zimewahi kuharibu barabara ya kusini. Usiku mmoja wa kulala Kigoma ni gharama, lakini ni gharama ndogo kuliko tiketi sita zilizopotea.

Saa moja inayopotea mpakani

Saa za Tanzania ziko mbele ya saa za Burundi kwa saa moja. Kwa mfano, treni ikipangwa kuondoka Kigoma saa 2:00 usiku, Bujumbura wakati huo ni saa 1:00 usiku. Msafiri ambaye hakurekebisha saa yake mpakani atadhani bado ana muda, kumbe treni imekwisha kuondoka.

Jambo la pili ni namna ya kutaja saa. Tiketi iliyoandikwa 20:00 ina maana ya saa mbili usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Anayekatiwa tiketi na ndugu kwa simu amwombe amtajie saa kwa namna zote mbili, na amtumie picha ya tiketi.

Hati na chanjo

Raia wa Burundi hahitaji viza kuingia Tanzania, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bado kila msafiri, hata mtoto mchanga, anapaswa kuwa na pasipoti au hati ya kusafiria inayotambuliwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja tu, au na bibi, shangazi au mjomba, abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na idhini ya maandishi ya mzazi asiyekuwepo. Maofisa wa mpakani wana haki ya kuuliza mtoto ni wa nani, na jibu lililo kwenye karatasi humaliza mazungumzo upesi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahauliwe. Tanzania huitaka kwa wasafiri wenye umri wa mwaka mmoja au zaidi wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Burundi ni mojawapo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinahesabiwa kuwa cha maisha yote. Mtoto atakayechanjwa wiki ile ile ya safari, kwa hiyo, huenda akazuiwa mpakani hata kama familia nzima ina kadi.

Vitanda vinavyogawanywa

Katika treni ya kawaida ya Kigoma kuna daraja la kwanza, lenye vyumba vya vitanda viwili; daraja la pili kulala, lenye vyumba vya vitanda sita; daraja la pili kukaa; na daraja la tatu, ambalo nalo ni la viti. Katika chumba cha vitanda sita, vitatu viko kila upande: cha chini, cha kati na cha juu.

Hapo ndipo familia nyingi hupatwa na jambo ambalo hazikulitarajia. Kwa desturi ya treni hii, wanaume hulala chumba chao na wanawake chumba chao, isipokuwa pale chumba kizima kinapolipiwa na kundi moja. Baba, mama, bibi na watoto watatu wakikata tiketi sita za chumba kimoja, hulala pamoja na mlango huufunga wao wenyewe. Lakini familia ya watu wanne ikinunua vitanda vinne tu, huenda baba na mtoto wa kiume wakapelekwa chumba kingine.

Familia ya wanne ina njia tatu. Yaweza kulipia vitanda vyote sita, yaweza kuchukua vyumba viwili vya daraja la kwanza vilivyo jirani, au yaweza kukubali kutengana usiku na kukutana mchana. Bei zilinganishwe dirishani kabla ya kuamua, maana tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili huenda isiwe kubwa kama inavyodhaniwa.

Mtoto mdogo asiyelipiwa nauli asitarajiwe kupewa kitanda. Atalala na mzazi wake. Umri wa kusafiri bure na wa kulipa nusu uulizwe wakati wa kukata tiketi, na cheti cha kuzaliwa kiwe karibu.

Nani alale wapi? Kitanda cha chini kinamfaa mzee, mjamzito na mama mwenye mtoto wa kunyonya. Kina ila moja: mchana huwa kiti cha wote, kwa hiyo mwenye kukilalia hawezi kujinyoosha mpaka wenzake wapande vyao. Cha juu kinawafaa vijana na mizigo ya thamani. Watoto wadogo wasipandishwe huko, kwa kuwa treni hutikisika na kusimama ghafla.

Chakula, maji na usiku wa baridi

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, familia ijiandae kulala njiani usiku mbili. Treni ina behewa la chakula, na katika stesheni nyingi wachuuzi huja madirishani na ndizi, mihogo, mayai, karanga na kuku. Hata hivyo, chakula cha siku ya kwanza kitoke nyumbani, kikiwa cha aina isiyochacha upesi. Maji ya kunywa yanunuliwe ya kutosha kabla ya kupanda, pamoja na sabuni na karatasi za chooni.

Chakula kifungwe katika vyombo, vikapu au mifuko ya kitambaa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na msafiri anayeingia nayo hutakiwa kuiacha mpakani.

Mtu wa Bujumbura, aliyezoea joto la kando ya ziwa, hufikiri kwamba njia yote ni ya joto. Katika nyanda za kati, upande wa Tabora na Dodoma, upepo wa usiku huwa mkali, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Blanketi la mtoto na kitenge cha ziada viwekwe juu ya mzigo. Dawa za wagonjwa wa kudumu zikae katika mkoba wa mkononi.

Fedha za Burundi hazitumiki kwa wachuuzi wa reli. Ni vyema zibadilishwe katika ofisi zinazotambuliwa, na noti ndogo za shilingi ziwe tayari, kwani treni haimngojei mwuza ndizi atafute chenji.

Njiani: Uvinza, Tabora na bonde la Mkondoa

Baada ya Kigoma, treni hupita Uvinza, mji wa chumvi, kisha Kaliua, ambako reli ya Mpanda inajitenga. Tabora ndiyo njia panda kubwa: hapo reli ya Mwanza inaungana na ya Kigoma. Treni husimama kwa muda, na mabehewa huweza kusogezwa, kutengwa au kuunganishwa. Anayeshuka kununua asali ya Tabora akumbuke namba ya behewa lake, na watoto wasishuke bila mtu mzima. Usiku, kabla ya kila stesheni kubwa, dirisha lifungwe na mizigo iondolewe karibu nalo, maana mwizi wa reli hutumia mkono mrefu.

Baina ya Dodoma na Kilosa, reli ya zamani hupita bonde la Mto Mkondoa, sehemu ambayo mafuriko yameikata mara kadhaa. Mwenye safari ya miezi ya mvua aulize hali ya njia siku moja kabla. Mwenye miadi ya hospitali, ndege au harusi aache angalau siku mbili kati ya kufika na miadi yenyewe.

Je, mtu ahamie treni ya umeme Dodoma?

Treni ya umeme katika reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Sehemu ambayo treni ya zamani huchukua usiku mzima, hii hupita kwa saa tatu hadi nne hivi.

Lakini treni hiyo ina viti, haina vitanda, na stesheni yake Dodoma si ile ya reli ya zamani. Kuhama kunahitaji gari la mjini, mizigo yote na watoto wenye usingizi. Kwa kijana asiye na mzigo, ni nafuu kubwa. Kwa familia yenye mzee, huenda ikawa heri kubaki kitandani. Anayeamua kuhama asikate tiketi ya umeme ya siku ile ile, kwa sababu treni ya Kigoma ikichelewa, tiketi hiyo haitamfaa.

Kasi mpya imepunguza vitanda mahali pengine pia. Nchini Kenya, treni ya zamani ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa, iliyokuwa na vyumba vya kulala, ilisitishwa mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa.

Reli kuelekea Burundi

Tanzania na Burundi zimekubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Januari 2025, na Agosti mwaka huo kazi ilizinduliwa rasmi Musongati. Ikikamilika, itakuwa mara ya kwanza kwa Mrundi kupanda treni akiwa ndani ya nchi yake, na hesabu nyingi zilizo katika makala haya zitabadilika.

Kwa sasa, mpangilio unaookoa fedha na kuweka familia pamoja ni huu: hati na chanjo kwanza, kitanda pili, na nafasi ya basi la kwenda mpakani iwe ya mwisho kutafutwa. Anayeanza na basi huenda akafika Kigoma mapema, kisha akaambiwa dirishani kwamba vitanda vimekwisha.