Kunyanzi
nm ma- [li-/ya-] Mfinyo wa kudumu katika ngozi, hasa usoni, utokanao na umri au jua. Aghalabu hutumika katika wingi: *Jua la ziwani limemtia makunyanzi mvuvi wa Nansio angali kijana.*

Uso uliokunjwa kwa hasira hukunjuka, kunyanzi hubaki. Hivyo, afasiriye maelezo ya vipodozi achague kitenzi kwa hadhari: krimu *hupunguza* makunyanzi, *haiyafuti*. Losheni ya kuzuia jua, mfano Kilisun itengenezwayo Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, *huyachelewesha*. Mkorogo ni jambo jingine kabisa: huchubua ngozi na kuidhoofisha mbele ya jua. Kuuita “dawa ya makunyanzi” ni kumponza msomaji.